Muulize Mwenyewe, Kocha

Timu ya hoki ya barafuni ina makipa wawili na lango moja. Hesabu hiyo haihitaji shule. Wachezaji wengine hupokezana: mmoja akichoka anarudi benchi, mwenzake anaruka ukuta na kuingia, hata mara thelathini katika mechi moja. Kipa hapokezani na mtu. Mmoja anacheza dakika zote sitini, na wa pili anakaa mwisho wa benchi amevaa kila kitu, anatoka jasho la bure, na kazi yake, ukweli usemwe, ni kufungua na kufunga kimlango wenzake wanapoingia na kutoka. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Wahenga hawakufika Carver Falls, maana huko walikaa, tena wakila sufuria moja.

Wa kufungua mlango alikuwa Arlo Penner. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja majira yale ya baridi ya 1986, mtoto wa wakulima wa alizeti kusini mwa Manitoba. Hakuna timu iliyomchagua alipotoka ligi ya vijana. Aliandika barua kumi na moja kwa mkono wake, na ikajibu timu moja tu: Wakata Magogo wa Carver Falls, ligi ya tatu, mji wa kiwanda cha karatasi huko juu Michigan, ambako theluji huja Oktoba na kuondoka ikijisikia. Baba yake, Abe Penner, alimpeleka mwenyewe hadi kituo cha basi. "Nakupa mpaka wakati wa kupanda," alimwambia. "Mei ikifika hujafika popote, unarudi tunalima." Hakusema kwa ukali. Kwao hakukuwa na haja ya ukali, kwa sababu kilichosemwa kilikuwa kimesemwa.

Akina Penner walikuwa Wakristo wa dhehebu la Wamenoni, na Wamenoni hawaapi. Hata mahakamani wanakataa kuinua mkono. Neno la mtu linatosha. Ukimwambia aape, ni kama umemwambia kwamba siku nyingine zote huwa anadanganya. Arlo alikulia humo. Mambo mengine ya kanisani aliyaacha nyumbani, hilo akaja nalo.

Timu ililigundua mwezi wa kwanza tu. Walikuwa wakicheza ugenini, moja ya siku chache Arlo alizopewa lango, kwenye kiwanja kikuukuu ambacho nyavu za goli zilikuwa zimechanika pembeni. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokipiga kwa magongo kikampita Arlo, kikatokea nyuma ya goli, na mwamuzi hakujua kama kilipita katikati ya milingoti au kwenye tundu. Akateleza hadi langoni, akauliza kwa mzaha, "Eti Penner, kimeingia?"

"Ndiyo," akasema Arlo.

Wakafungwa nne kwa tatu. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemsemesha, mpaka beki mmoja mkubwa, Lindgren, alipomtupia taulo. "Sikiliza, Mchungaji. Siku nyingine ukiulizwa swali kama lile, zimia."

Jina likaganda hapo hapo. Mchungaji, tuombee basi lisiharibike. Mchungaji, hii nyama ni ya nini, sema kweli. Hata Kocha Lachance, mtu wa Ontario aliyetafuna njiti za meno kutwa nzima, alianza kumtumia kama mizani. Akitaka kujua nani alichelewa kurudi hotelini hakuwauliza wengine, alimtazama Arlo tu, na mwenye kosa akanyoosha mkono kabla mambo hayajaharibika.

Kipa namba moja alikuwa Dale Rusnak wa Saskatchewan. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na vijana wakimwita Babu. Miaka tisa nyuma aliwahi kucheza mechi mbili ligi kuu, alishinda moja na kufungwa moja, na tangu hapo alizunguka ligi za chini. Hakuwa mtu wa majivuno. Alimpokea Arlo kituoni, akampa kitanda kizuri katika vyumba viwili vya chini walivyopanga kwa Bibi Koskela, akamfundisha kupika maharage yasiyoungua. Akamfundisha na kazi. "Dogo, unapiga magoti mapema mno. Mtu hajapiga, wewe ushasali. Subiri. Mwache yeye ndiye aanze."

Hakuna kipa anayemfundisha mpinzani wake isipokuwa awe mpumbavu au awe mtu mwema. Rusnak hakuwa mpumbavu.

Lakini alikuwa na nyonga mbovu. Arlo aliijua mwezi wa Novemba, asubuhi moja, aliposikia mtu anaguna chumba cha pili, akaenda, akamkuta Rusnak amekaa ukingoni mwa kitanda na soksi mkononi. Mguu wa kushoto haukupanda. Alikuwa akihangaika na soksi ile moja kwa muda mrefu, jasho linamtoka.

"Funga mlango," akasema Rusnak.

"Nani anajua?"

"Wewe. Na Bibi Koskela, kwa kuwa namalizia kuni zake kwenye chumba cha mvuke nikiikanda." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Wakijua, Arlo, nimekwisha. Hawatanipeleka hospitali, watanipeleka nyumbani. Nipe msimu huu tu. Usimwambie mtu."

"Sitasema," akasema Arlo.

Rusnak hakumwapisha. Alimjua.

Tangu siku hiyo Arlo alimvisha soksi kila asubuhi, na mazoezi yalipoisha alibaki yeye langoni kupigiwa ile michomo ya ziada ambayo kwa haki ilikuwa wagawane. Kocha alidhani kijana ana bidii. Bidii alikuwa nayo, sikatai. Ila alikuwa pia anaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona: kisahani kikija chini upande wa kushoto, Babu alikuwa anachelewa, kidogo sana, na kila wiki hicho kidogo kikawa kikubwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Arlo alikaa kwenye benchi akihesabu wiki, na alipojikamata anahesabu aliona aibu, halafu akaendelea kuhesabu.

Ijumaa moja ya Februari habari ikaja. Klabu kubwa iliyowamiliki, ya ligi kuu, ilikuwa imepoteza kipa; alivunjika kidole. Msaka vipaji wao angefika Jumapili, mechi ya saa nane mchana, na angeondoka na kipa. Kocha Lachance aliwaambia wote wawili pamoja, amesimama mlangoni mwa ofisi yake. "Atakayecheza Jumapili ndiye atakayeonwa. Bado sijaamua." Njiti ikahama kutoka upande mmoja wa mdomo hadi mwingine. "Kwa kawaida ningesema Babu. Ni zamu yake, na anaistahili."

Usiku ule Rusnak alimpigia simu mkewe huko kwao Yorkton, akaongea kwa sauti ya chini kwa muda mrefu, akacheka mara mbili. Arlo alikuwa anaosha vyombo. Hakuwahi kumsikia Rusnak akicheka hivyo.

"Dogo," Rusnak akasema alipokata simu, "najua nawe unaitaka. Usijifanye huitaki, utaniudhi."

"Naitaka."

"Vizuri. Wewe una miaka kumi mbele yako. Mimi nina Jumapili." Akajinyoosha taratibu kwenye kiti. "Mechi moja, mbili kule juu, basi. Halafu nyonga na ioze."

Arlo hakumjibu kwamba hana miaka kumi, ana mpaka Mei. Aliona si mahali pake kusema. Ila alilifikiria usiku kucha, na huo ndio ukweli wake.

Jumamosi, baada ya mazoezi, kocha akamwita ofisini. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha, meza imejaa mikanda ya kufungia magongo, na kalenda ya duka la matairi ukutani. Lachance hakumkaribisha kiti.

"Nataka kukuuliza kitu, Penner. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ni wewe." Akaitoa njiti mdomoni. "Yule mwenzako. Siku hizi akiinuka naona anajishika. Nyonga yake ni nzima?"

Hapa nataka tuelewane, maana watu wa Carver Falls walilibishania jambo hili miaka mingi, na kila mtu alikuwa na jibu ambalo yeye angelitoa. Yalikuwapo mengi. Angeweza kusema, "Hajakosa mechi hata moja tangu Oktoba," na hiyo ilikuwa kweli tupu. Angeweza kusema, "Ndiye kipa bora niliyewahi kukaa naye," na hiyo pia ilikuwa kweli. Angeweza hata kusema uongo, mara moja tu maishani, kwa ajili ya mtu aliyemfundisha kazi, na Mungu ana mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Arlo aliyaona yote hayo. Hakuwa mzito wa akili. Alikuwa na muda, kocha hakumharakisha.

"Muulize mwenyewe, kocha," akasema.

Lachance alimtazama. Angekuwa Lindgren aliyejibu vile, kocha angemfukuza kwa matusi na kusahau. Lakini huyu alikuwa Mchungaji, aliyewahi kusema "ndiyo" na kuwapotezea mechi. Kama nyonga ingekuwa nzima, mtu huyu angesema "nzima" na kwenda kula.

"Haya," akasema kocha polepole. "Nimekuelewa."

"Sijasema kitu."

"Hujasema. Nenda."

Arlo akatoka. Kwenye korido alisimama akaegemea ukuta. Alikuwa hajavunja ahadi, alikuwa hajasema uongo. Alijirudia hilo mara tatu, nne, na kila mara likasimama vizuri kama meza yenye miguu yote. Alijua pia, tangu kabla hajafungua mdomo, kwamba kocha ataelewa. Hilo hakulirudia.

Kwenye timu ile ilikuwa desturi kwamba siku ya mechi kocha anaweka kisahani kimoja juu ya kiti cha kipa atakayecheza. Hakuna tangazo, hakuna maneno. Jumapili Rusnak alitangulia kuingia. Arlo alipofika alimkuta amesimama katikati ya chumba, mfuko bado begani, anakitazama kisahani kilichokaa juu ya kiti cha Arlo. Wengine walikuwa wanafunga viatu vyao kwa makini ambayo viatu havikuyahitaji.

Rusnak akaweka mfuko chini. Akakaa. Hakuuliza, kwa sababu alikuwa ameshaitwa ofisini asubuhi ile na kuambiwa apige magoti mbele ya meza na kuinuka, akashindwa kuinuka.

Baadaye kidogo akasema, macho yakiwa chini, "Namba kumi na tisa wao hupiga juu, upande wa glovu. Daima. Yule mrefu, thelathini na tatu, atajifanya anapiga halafu atapasia. Usimfuate."

"Asante, Babu."

"Si kwa ajili yako. Ndivyo inavyofanywa."

Basi Arlo akawaongoza wenzake kuingia barafuni, mbele ya watu elfu mbili na zaidi waliotoka kanisani moja kwa moja, wengine na tai zao. Msaka vipaji alikaa juu kabisa, peke yake, na kikombe cha kahawa. Arlo hakumtazama ila mara moja.

Kipindi cha kwanza alifungwa bao la kijinga. Mchomo wa mbali, yeye akapiga magoti mapema, kisahani kikampita juu ya bega. Wageni moja, Wakata Magogo bila. Dakika chache baadaye namba kumi na tisa akabaki naye uso kwa uso, na Arlo, aliyeambiwa, akaacha glovu yake juu, na kisahani kikaja kikakaa humo chenyewe. Watu wakasimama.

Katikati ya kipindi cha pili mwamuzi akanyanyua mkono: mgeni amefanya kosa. Hapo desturi ni kipa atimue mbio hadi benchi ili aingie mshambuliaji wa sita, maana wapinzani wakigusa tu kisahani filimbi inalia. Arlo akakimbia na mizigo yake yote, na aliyemfungulia kimlango alikuwa Rusnak. Wakasimama bega kwa bega, wanahema, wanatazama mchezo. 

"Magoti," akasema Rusnak, hakugeuza kichwa. "Bado unasali. Subiri. Hesabu moja, ndiyo uende."

Kocha akasikia. Lindgren akasikia. Kila mtu pale benchi alijua mtu yule ana kila sababu ya kunyamaza, na hakunyamaza.

Arlo akarudi langoni, akasubiri. Ilikuwa jambo dogo tu, kubaki wima kwa muda wa kuvuta pumzi zaidi ya anavyotaka, na goli zima likawa dogo kwa wale waliokuwa wanapiga. Walimpiga michomo thelathini na minane. Alipangua ya chini kwa ngao za miguu, ya juu akaidaka, na thelathini na tatu alipojifanya anapiga, Arlo hakumfuata. Miwili tu ilipita. Wakata Magogo walishinda tatu kwa mbili, na zikiwa zimebaki sekunde tisa alijilaza juu ya kisahani, watu watatu wakamwangukia, akakikumbatia tumboni mpaka filimbi ilipolia.

Msaka vipaji alishuka akaongea na Lachance dakika tano. Lachance akaja chumbani, akasema, "Penner. Ndege ya kesho asubuhi. Usisahau viatu." Chumba kikalipuka, wakammwagia maji, Lindgren akambeba juu juu. "Mchungaji anakwenda mbinguni akiwa hai!" Rusnak hakuwemo.

Arlo alimkuta kwenye chumba cha kukaushia vifaa, peke yake, anatundika mavazi yake ambayo hayakuwa na jasho. Kulikuwa na joto na harufu ya ngozi mbichi. Arlo akafunga mlango nyuma yake.

"Sikumwambia," akasema.

"Najua. Ameniambia ulichosema. Maneno matatu."

"Nilikuahidi sitasema, na sikusema."

Rusnak akatundika glovu, akaikunjua vidole kimoja kimoja ili ikauke. "Ungekuwa mtu mwingine," akasema, "ningekushukuru. Lindgren angesema hivyo, ningemnunulia bia. Lakini wewe ukisema 'muulize mwenyewe', hiyo si kukwepa, hiyo ni barua. Mtu asiyedanganya hana ruhusa ya kunyamaza, Arlo. Kunyamaza kwake kunasema." Akageuka. "Sasa nikuulize mimi, halafu unijibu kama unavyojibu wengine. Ulijua ataelewa?"

Mashine ya kupulizia joto ilikuwa inaunguruma. Arlo aliyatafuta maneno, akaona anayatafuta, na hapo akajua ameshakuwa mtu wa kutafuta maneno.

"Ndiyo," akasema.

Rusnak akatikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Basi. Angalau hilo umelisema." Akachukua koti lake. "Ungekuja Ijumaa ukaniambia, 'Babu, nitamwambia kocha, nafasi naitaka,' tungetukanana, tungepigana labda, halafu ningekupeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Kesho tafuta teksi."

Alipita mlangoni akivuta mguu. Hapakuwa tena na wa kufichwa.

Kwenye korido palikuwa na simu ya ukutani. Nje bado mwanga, saa kumi na moja, na kule Manitoba baba yake angekuwa ametoka zizini. Ilipokelewa mlio wa pili.

"Baba, wamenichukua. Ligi kuu. Naondoka kesho."

Kikasikika kikohozi cha mzee anayeficha furaha. "Mmecheza leo? Jumapili?"

"Ndiyo."

"Mh. Mama yako hatapenda." Halafu, "Lakini ni jambo kubwa, mwanangu. Ni jambo kubwa sana. Na yule mwenzio? Yule Rusnak aliyekufundisha. Si ilikuwa zamu yake?"

"Ana nyonga mbovu, baba. Hakuweza kucheza."

"Maskini. Hana kinyongo na wewe?"

Mtu wa usafi alikuwa anapita na ndoo. Arlo akangoja apite.

"Hapana," akasema. "Amefurahi."

Neno lilitoka laini, bila kukwama mahali, na hilo ndilo lililomtisha. Alisimama akingoja baba yake aulize tena, aseme "kweli?", aseme "una hakika?" Mzee hakuuliza. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuuliza jambo mara mbili.

"Basi namshukuru Mungu," akasema Abe Penner. "Ngoja nimwite mama yako nimwambie ulivyosema."